Chora Miduara Kwanza, Kocha

Kocha wa mpira wa kikapu unayeanza kufundisha watoto, jiandae kwa hili: mpira ukienda kulia, watoto wote kulia, ukienda kushoto, wote kushoto, wamerundikana kama siafu kwenye mfupa. Utatamani kupiga kelele, "Tawanyikeni!" Mimi nilizipiga msimu mzima, sauti ikakauka. Mtoto wa miaka kumi ukimwambia atawanyike, hajui aende wapi.

Dawa yangu ikawa chaki. Chora miduara mitano kulizunguka goli: mmoja juu katikati, miwili mabawani, yaani pembeni kulia na kushoto, miwili kwenye kona. Usiipeleke kwenye mstari wa pointi tatu, mikono yao haifikishi pasi ya mbali. Hatua nne au tano za mtu mzima kati ya duara na duara zinatosha.

Sasa wape sheria moja tu. Ukitoa pasi, usisimame kuitazama: kata, yaani kimbilia goli mikono ikiwa juu, tayari kurudishiwa. Usiporudishiwa, toka uende kwenye kona iliyo wazi, na wenzako wasogee kujaza duara uliloliacha. Fanyeni bila wakabaji mpaka wazoee, ndipo uingie watatu kwa watatu.

Hapo piga marufuku kudunda mpira. Atakayedunda, mpira ni wa wapinzani. Watalalamika, na kuna mmoja atanuna kabisa (huyo ndiye fundi wa kudunda mtaani kwao). Mwambie kwamba James Naismith alipoanzisha mchezo huu mwaka 1891 kule Springfield, Marekani, sheria zake zilimtaka mchezaji arushe mpira kutoka pale pale alipoudakia.

Kukata nako kuna ujanja wake. Nilikuwa na binti mmoja mwenye mbio ambaye hakuwahi kupata pasi, maana alianza na kumaliza kwa kasi ile ile, mkabaji ubavuni. Nikamwambia aende hatua mbili kivivu upande usio na mpira, kama aliyechoka, mkabaji akimfuata akanyage mguu wa nje kwa nguvu na kuchomoka. Mara ya kwanza alibaki peke yake chini ya goli, akashtuka hata mpira ukampita.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuwachorea mipango ya watu wazima ubaoni. Waliikariri vizuri, lakini mpinzani mmoja aliposimama njiani, wote waliganda.

Vifaa: chini ya miaka 12 tumia mpira namba 5. Goli la kawaida lina mita 3.05, la watoto, 2.60. Lako kama halishuki, waache warushe kwa karibu wakigonga ubao wa goli, nawe uhesabu pasi badala ya pointi.

Halafu atakuja mzazi kuuliza mbona mwanawe hafundishwi kurusha za mbali. Msalimie, mpe kiti, kisha mrudishe mtoto kwenye duara lake.