Shokomzoba inavuja? Kagua shafti kabla ya kununua sili

Mdau uliyeuliza kuhusu Hilux iliyorudi kutoka Magadi shokomzoba za mbele zikiwa zimelowa oili: umeshajibiwa mara mbili, mmoja akikwambia uzitupe, mwingine ubadilishe sili (mpira unaozuia oili isitoke) na kujaza ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki. Ukifuata lolote kati ya hayo utapoteza pesa.

Shokomzoba za kawaida za mabomba mawili, zile zinazojaa madukani Kirinyaga Road, Nairobi, hukunjwa mdomo kiwandani. Hazifunguki, zikivuja nunua nyingine. Zako ni za chapa ya Fox, silinda ya inchi 2.5, zenye mkebe wa pembeni wa oili na gesi, na hizo zimeundwa zifunguliwe, zisafishwe na zirudishwe kazini mara nyingi.

Lakini sili ya shafti, ile fimbo ya kromu inayoingia na kutoka, haifi bila sababu. Vumbi la Kajiado na Magadi hunata kwenye shafti yenye unyevu wa oili, likaingia chini ya kifuta-vumbi, likawa msasa. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, futa shafti kwa spiriti na uipitishe ukucha polepole, urefu wote na pande zote. Mkwaruzo usiokamata ukucha unang'arishwa kwa msasa wa maji namba 2000, kwa kuzungusha, si kwa kupanda na kushuka. Ukucha ukikwama, hata padogo kama kichwa cha pini, sili mpya itavuja tena muda si mrefu. Tafuta shafti mpya, au peleka hiyo kwa mafundi wa haidroliki Industrial Area waipige kromu upya na kuisaga irudi kipenyo chake kamili, ambacho kwenye nyingi za inchi 2.5 ni inchi 7/8. Iviringishe pia juu ya kioo. Ikionyesha mwanga chini yake imepinda, na iliyopinda hainyooshwi.

Kama malalamiko yako ni mlio wa kugonga tu, kagua kwanza beringi za macho ya juu na chini, yaani matundu ya kufungia shokomzoba kwenye gari. Nyingi hufunguliwa bure wakati kilichokufa ni beringi hiyo.

Sasa kufungua. Legeza pete ya springi na uitoe springi kwa kifaa chake, usiitegemee bahati. Kisha toa gesi yote kupitia valvu ya mkebe. Hili halina mjadala: kwa psi 200, gesi inaisukuma shafti ya inchi 7/8 kwa nguvu ya karibu kilo 54, na kichwa cha sili, yaani kifuniko kinachoshika sili chenye upana wa silinda nzima, kinasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi ya hiyo. Ukitoa waya wa kufungia gesi ikiwa bado ndani, kichwa hicho ni risasi.

Bana jicho la chini kwenye jiriwa yenye vipande vya alumini au mbao laini. Sukuma kichwa cha sili ndani kidogo, toa waya wa mviringo, kisha sugua kingo za mfereji wake kwa msasa laini. Watu huruka hatua hii, halafu wanashangaa oringi mpya imekatwa siku ya kwanza.

Mwaga oili kwenye chombo cheupe uiangalie. Nyeusi ni joto. Ya kijivu inayometameta ni alumini, maana yake bendi ya pistoni imeisha na pistoni inakula silinda. Ya rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Vipande vya mpira ni sili zilizoungua, na hapo omba sili za Viton, mpira unaostahimili joto, badala ya zile za kawaida. Ndani ya silinda pitisha kidole: mistari unayoihisi ina maana silinda imekwisha.

Pistoni ina shimu pande zote mbili, yaani vile visahani vyembamba vya chuma vinavyopinda oili inapopita. Usivimwage mezani. Vihamishe moja kwa moja kutoka kwenye shafti hadi kwenye waya kwa mpangilio uleule, na uweke alama upande wa kubana na upande wa kurudi. Ugumu wa shimu hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo ukibadilisha ya inchi 0.008 kwa ya 0.010 umeifanya ngumu karibu mara mbili. Kisahani cha kuchongwa jua kali hakiwezi kuziba nafasi ya shimu. Nati ya pistoni iwe mpya au ipakwe gundi ya nyuzi, na ikazwe kwa spana ya torki kwa kipimo cha mtengenezaji, kwani ikilegea ndani, kila kitu huharibika.

Oili ni ya shokomzoba, 5W. Hiyo 5W si ile ya injini ya 5W-30, na ATF ni nzito kuliko oili hiyo, kwa hiyo vipimo vyote vya shimu vinapoteza maana. Oili ya breki usiifikirie kabisa, inavimbisha mpira. Silinda ya inchi 2.5 inameza takriban mililita 317 kwa kila sentimita 10 za urefu, na hapo uongeze ya mkebe na ya bomba lake la mpira. Lita 2 kwa kila shokomzoba zinatosha kujaza na kusuuza.

Kutoa hewa ndiko kunakowashinda wengi. Mkebe ujazwe huku tundu lake la oili likitazama juu, pistoni ya mkebe (inayotenganisha oili na gesi) ikisogezwa mbele na nyuma na mpira ukigongwagongwa mpaka mapovu yaishe. Ndipo ujaze silinda, uingize pistoni ikiwa imeinama kidogo ili hewa itoke chini yake, na upige hatua fupi za taratibu. Usiivute kamwe juu ya oili. Subiri dakika kumi, rudia. Kichwa kikishakaa, shafti ikiwa nje yote, pima kina cha pistoni ya mkebe kwa namba ya mtengenezaji. Kwa mwendo wa inchi 10, shafti ya 7/8 inasukuma karibu mililita 98 za oili, na kwenye mkebe wa inchi 2 pistoni hiyo husogea karibu sentimita 4.9. Ikikosa nafasi hiyo, shinikizo linapanda ghafla na sili inapasuka. Ikiwa karibu mno na upande wa oili, inagota shafti ikitoka, gesi haiwezi tena kuisukuma oili, na gari linaelea mwanzo wa kila shimo.

Gesi ni naitrojeni kavu, psi 150 hadi 200 kulingana na karatasi ya shokomzoba yako. Mashine za naitrojeni za maduka ya tairi hazifiki huko. Mafundi wa friji na AC wana mtungi na regyuleta inayofaa, kwa sababu hupimia mabomba kwa shinikizo kubwa. Oksijeni ya kuchomelea kamwe: ikikutana na oili chini ya shinikizo inalipuka. Wenye wasiwasi kwamba unajaza Nairobi kwenye mita 1,795 kisha unateremka Magadi kwenye mita 600 wapumzike, tofauti ni kama psi 2.

Usipime baadaye kwa geji ya tairi. Nafasi ya gesi ni ndogo, kwa hiyo kuijaza geji tu kunapunguza makumi ya psi, kisha unalalamika kwamba inavuja.

Ilaze usiku kucha juu ya gazeti. Asubuhi ikandamize: iingie bila kukwama wala kugugumia, itoke yenyewe hadi mwisho.

Ukishaifunga kwenye gari, waambie wa car wash wasielekeze bomba la presha kwenye kifuta-vumbi. Maji hayo yanausukuma ndani ule mchanga uliokuja kuutoa.