Tafuta Tao Kwanza, Mtu Atapita

Wanaoanza kupiga picha mara nyingi humtafuta mtu kwanza, halafu ndipo wahangaike na mandhari. Ukitaka kutumia fremu ya asili, yaani mlango, dirisha, tao au tawi linalokizunguka kile unachopiga, fanya kinyume: chagua fremu, kisha subiri.

Mji Mkongwe wa Zanzibar ni darasa zuri la jambo hili. Vichochoro ni vyembamba, na kila kona ina nyaya za umeme, vibao vya maduka na pikipiki. Simama ndani ya daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye kiza (piga hodi kwanza, ni nyumba ya watu), rudi nyuma mpaka miimo ya mlango izifiche nyaya hizo, kisha tulia. Atapita mzee wa kanzu, au muuza kahawa na dele lake. Bonyeza wakati kichwa chake kina mwanga mtupu pande zote. Kikigusa mwimo, mtu na mlango vinagandana na jicho halijui liangalie wapi.

Kinachosumbua zaidi ni mwanga. Kamera ikiona kiza kingi huongeza mwanga, na kule nje kunakuwa kweupe pe. Kwa hiyo pimia nje. Kwenye simu nyingi unagusa skrini pale atakapopita mtu, kisha unatelezesha kidole kushusha mwanga mpaka rangi ya ukuta wa nje irudi. Ndani kukiwa kweusi tii, acha hivyo hivyo. Ndiyo maana mimi siikimbii saa sita mchana kama tunavyofundishwa. Kwa picha hizi jua kali linafaa sana. Mlango ukiwa na nakshi unazotaka zionekane, hapo ndipo upandishe mwanga kidogo na utumie f/8 au f/11, yaani tundu dogo la lenzi, ili mlango na mtu wote watoke vizuri.

Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Msikiti Mkuu, shida ni nyingine. Matao yamepangana safu, na ukisimama ovyo yanakatana yakawa fujo la mawe. Sogea nusu hatua kando, chuchumaa kidogo, tao la nyuma litaingia ndani ya la mbele.

Matawi ya miti siyapendi sana. Yakiwa na majani machache yanachafua anga tu. Songa mbele uyaache nyuma yako.