Bima ya simu: inalipa au hailipi?
Kwa simu ya laki tatu, hailipi. Hiyo hela ya bima iweke pembeni, kioo kikipasuka mpe fundi. Simu ya milioni mbili au kompyuta ya kazi, sawa, kata bima, ila soma kwanza yale wasiyolipa. Nafanya kazi duka la simu, wanaokwama kulipwa wengi ni wa wizi: bima nyingi zinataka dalili ya nguvu kutumika, pamoja na RB ya polisi (namba ya taarifa uliyoripoti kituoni). Ukichomolewa kimyakimya kwenye daladala, au ukaisahau kwenye bajaji, imekula kwako. Na wakikubali bado kuna kiasi unachangia mwenyewe. Waranti ya kiwandani usiihesabu, hiyo ni ya ubovu wa kutengenezwa, siyo kuanguka.