Jenga ovaflo ukiwaza siku stima itapotea

Saa nane za usiku hapa Migosi, Kisumu, stima ilipotea. Sikushtuka. Niligeukia ukuta nikaendelea na usingizi. Kilichoniamsha ni mlango kugongwa na mama wa ghorofa ya chini: "Baba Achi, huko kwenu kumenyesha?" Nikashusha miguu kitandani, nikakanyaga maji.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kina 45. Nafuga fulu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao watu wamezoea kuwaona wamekaushwa sokoni, ndiyo maana kila mgeni huuliza nitawapika lini. Chini ya meza kuna beseni la lita 60, hilo ndilo sampu: maji hushuka humo, yakapita kwenye sponji, kisha pampu ikayarudisha juu.

Nilidhani ovaflo yangu ya paipu, ile inayoshusha maji yaliyozidi tangini hadi kwenye sampu, imeniangusha. Kumbe haikuwa na kosa. Mdomo wa paipu ya kurudishia maji nilikuwa nimeuzamisha sentimita 10 ili usipige kelele. Pampu ilipozima, paipu hiyo hiyo ikageuka saifoni, yaani ikavuta maji yenyewe bila pampu, ikaanza kuyateremsha. Tangi la ukubwa huo lina karibu lita 4 katika kila sentimita ya kina, kwa hivyo zilishuka lita 40. Beseni lilikuwa na nafasi ya 25. Zilizobaki mwajua zilikokwenda.

Dawa yake ni tundu la milimita 4 kwenye paipu ya kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka hadi hapo, paipu inanyonya hewa na saifoni inakatika. Tundu hilo huziba kwa mwani, basi kila Jumamosi nalichokonoa kwa kijiti cha meno.

Sasa ovaflo yenyewe. Kama tangi lako bado ni tupu, mpelekee fundi wa vioo alitoboe, nawe umemaliza. Muulize kwanza kama kioo kimekazwa kwa moto. Cha aina hiyo kikiguswa na keekee hupasuka chote kikawa punje. Langu lilikuwa tayari na samaki, ikabidi nipite juu ya ukingo. Wengine huning'iniza tu mpira wa maji. Usifanye hivyo. Stima ikipotea, mpira unaendelea kunyonya hadi mdomo wake uvute hewa, na stima ikirudi hauanzi tena, ilhali pampu inapandisha maji bila kujua.

Nilinunua paipu ya PVC ya inchi moja, elbo saba (viungo vya kona), tii moja (kiungo cha njia tatu) na gundi. Ndani ya tangi kuna kipande kilichosimama, mdomo wazi juu, na mdomo huo ndio unaopima kimo cha maji. Kinashuka kama sentimita 15, kinakunja kwa elbo mbili, kinapanda, kinavuka ukingo, kinashuka nje, kinakunja tena na kupanda hadi kwenye tii. Ubavu wa tii unamwaga kwenye sampu. Juu ya tii nimeacha wazi kipande kirefu kinachopita ukingo wa tangi, kipumue.

Kazi yote iko kwenye kimo cha hiyo tii. Mimi niliiweka sentimita 4 chini ya mdomo wa ndani, lakini juu ya ile elbo ya chini iliyo ndani ya tangi. Pampu ikizima, maji yanashuka hadi kwenye mdomo yanakoma, na mikunjo yote miwili inabaki imejaa. Saifoni haikatiki. Stima ikirudi, inaendelea ilipoachia.

Gundi nilitia kwenye sehemu inayovuka ukingo, kwa sababu hapo hewa haitakiwi kuingia hata chembe. Kile kipande cha mdomo nimekisukuma tu kwa mkono, niweze kukipandisha na kukishusha. Juu kabisa, pale paipu inapovuka ukingo, kuna tundu lenye kimpira chembamba cha hewa chenye vali. Ndicho ninachovutia kwa mdomo siku ya kuanza, na ladha yake sitaisimulia. Usishawishike na paipu ya inchi mbili kwa pampu ndogo: maji yakienda polepole, mapovu yanakusanyika pale juu na siku moja saifoni inakufa.

Kwa siku hiyo, pampu yangu nimeiketisha juu ya bakuli lililogeuzwa, ili ikishapandisha lita 10 ikose maji. Juu ya tangi nimeacha sentimita 3, yaani nafasi ya lita 12. Pampu inaweza kuungua, lakini sakafu itabaki kavu.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu. Yangu iliahidi lita 2,000 kwa saa. Nilipokinga ndoo ya lita 20 kwenye kimo cha tangi, ilijaa kwa dakika moja. Hizo ni 1,200.

Kabla ya kuwarudisha fulu, nilizima swichi mara kumi, mchana, tambara mkononi. Mara ya saba nikasikia paipu ikikoroma. Nikaishusha tii sentimita moja, nikaanza kuhesabu upya.