Zamu zipo, maji hayafiki

SWALI: Kila kiangazi tunapanga zamu za maji ya mto kikaoni, lakini wenye mashamba ya chini hulalamika mfereji mkavu. Tunakosea wapi?

JIBU: Mnagawa saa bila kupima maji. Pimeni kiangazi, si masika: kwenye mita 10 za mfereji ulionyooka, dondosheni kijiti. Kikitumia sekunde 20, kasi ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisheni kwa upana, kina, kisha 0.8, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Upana mita 1, kina mita 0.3: mita za ujazo 0.12, yaani lita 120 kwa sekunde. Tengeni kwanza maji ya kunywa na ya kubaki mtoni. Zamu ihesabiwe maji yanapofika shambani, si lango linapofunguliwa. Maana mfereji mkavu hunywa maji kwanza. Na wafugaji, je, mliwaita kikaoni?