Corvina na Amarone: nguvu ya mvinyo huu inatoka kwenye kukausha zabibu

Mkuu uliyeuliza kama Amarone, mvinyo mwekundu mkavu wa Italia, huongezwa sukari au pombe kali ndipo ifike asilimia 15 au 16 ya kilevi: hapana. Nguvu ile ni ya zabibu yenyewe, hasa Corvina, iliyokaushwa kabla ya kukamuliwa.

Corvina ni zabibu nyekundu ya kale ya vilima vya Valpolicella, karibu na Verona, Italia. Ikisindikwa mbichi hutoa mvinyo mwepesi, tanini (ukakasi wa ganda) kidogo, ladha ya cheri chachu. Unanyweka vizuri, ila hauna maajabu. Kinachoipa heshima ni ganda lake gumu, linalostahimili miezi ya kukaa ghalani bila kupasuka.

Shambani ina kero moja: macho (vichipukizi) ya chini ya tawi hayazai. Ukipogoa kwa kuacha macho mawili matatu, utavuna majani. Kwa hiyo huachwa tawi refu, likatambazwa juu ya kichanja, na majani yakavikinga vichala na jua kali.

Kwa Amarone huchumwa kwa mkono, na huchaguliwa vichala vilivyoachana punje tu. Kichala kilichobanana hakipitishi hewa katikati. Punje moja ikipasuka humo ndani, ukungu wa kijivu unakula kichala kizima na wewe kwa nje unaona kizuri. Vinapangwa tabaka moja kwenye kreti fupi (zamani ilikuwa mikeka ya matete) ndani ya ghala lenye madirisha pande zote. Siku za unyevu mwingi hewani madirisha hufungwa na feni kuwashwa. Vichala hukaguliwa mara kwa mara, vilivyooza vinatolewa. Ukungu ule ukipita hadi kwenye pipa, kimeng'enya chake huigeuza rangi nyekundu kuwa ya kahawia.

Sheria ya huko hairuhusu kukamua kabla ya tarehe 1 Desemba. Wengi husubiri hadi Januari, zabibu ikiwa imepoteza kama theluthi ya uzito. Hesabu yake inauma: kilo 100 za zabibu mbichi hazitoi zaidi ya lita 40 za mvinyo. Bei yake msiishangae.

Kuchacha nako kuna mtihani. Juisi ina sukari nyingi mno na ni majira ya baridi, hivyo hamira huanza kwa kusuasua. Ikilemewa, hutoa asidi ya siki, au husimama kabisa sukari ikiwa bado imebaki. Tumia hamira inayostahimili pombe nyingi, pasha pipa taratibu, na usiwe na haraka. Mwezi mzima ni kawaida. Ikisimamishwa makusudi ili utamu ubaki, huo ni Recioto, mvinyo mtamu uliotangulia Amarone.

Makapi ya Amarone hayatupwi. Mvinyo wa kawaida wa Valpolicella humwagwa juu yake, unachacha tena siku kadhaa, na kuvuta rangi na nguvu iliyobaki: huo ndio Ripasso. Kwa wasiotaka kuvunja kibubu, mimi ningeanza na huo. Na Verona wali wa risotto hupikwa kwa Amarone yenyewe. Mvinyo unatiwa mapema wali ukikaangwa, unaachwa ukauke kabisa kabla ya supu, la sivyo unabaki na uchachu.