Kusita kabla ya upasuaji wa kuondoa matiti kwa kinga

Dada, unauliza kama kusita wiki mbili kabla ya upasuaji, ukiwa na hitilafu ya jeni ya BRCA1 inayoongeza sana hatari ya saratani ya matiti, ni dalili ya kuacha. Hapana, wala si woga. Huu si upasuaji wa dharura: vipimo vikiwa safi, unaweza kuomba tarehe isogezwe mbele huku ukiendelea na MRI (picha za sumaku) na mamografia (eksirei ya matiti). Hofu ya nusu kaputi mpelekee daktari wa usingizi; ya kupoteza matiti, mshauri nasaha. Muulize daktari mpasuaji kama chuchu zitabaki, na mirija ya kutoa majimaji kwenye jeraha itakaa siku ngapi. Kifua mara nyingi hufa ganzi ya kudumu, na inauma kuligundua hilo baadaye. Hatari ya saratani ya matiti hupungua kwa takriban asilimia 90. Haiishi kabisa, kwa kuwa tishu kidogo za titi hubaki chini ya ngozi.